Wazimu Katika Vinywa na Kalamu Zetu

Mtu akisimama kwa nusu saa katika kituo cha mabasi cha Tandika, au kando ya barabara ya Morogoro pale Manzese, akatega sikio tu, atasikia maneno ya wazimu yakitamkwa mara nyingi, wala mgonjwa hayupo. Dereva aliyempita mwenziwe vibaya huitwa mwehu. Mnunuzi atajaye bei ndogo mno huulizwa kama ametoka Mirembe. Kijana aliyevaa koti zito wakati wa jua kali huambiwa kwamba dishi limeyumba, yaani kichwa chake kimekuwa kama lile sinia la kunasia picha za televisheni ambalo upepo umelisukuma likapoteza mawimbi. Mpenzi wa mpira ni kichaa wa timu yake. Na waliohudhuria taarabu jana usiku, gazeti la leo linatuambia kwamba walipagawa. Hakuna anayekasirika. Maneno haya yamekwisha kuwa chumvi ya mazungumzo, na mtu akijitokeza kuyakataza yote ataonekana yeye ndiye mwenye kasoro.

Kwa hiyo sikusudii kuomba maneno haya yafutwe. Swali ninalotaka kulitazama ni jingine: je, neno laweza kumdhulumu mtu ambaye hakuambiwa yeye? Yule dereva aliyeitwa mwehu hakuumia. Anajua kwamba ni mzima, na aliyemtukana anajua hivyo hivyo. Lakini barabara hiyo hiyo hupitwa na mtu ambaye kweli anaumwa, na nyumbani kwake wapo mama yake na ndugu zake. Jiwe lililorushwa kwa mzima halikumpata mzima. Limekwenda likamwangukia huyu.

Hapana budi tuanze na maneno yenyewe, maana wengi wetu huyatumia kama kwamba yote ni mamoja, na sivyo. Wazimu ni neno letu la kale la Kibantu. Shina lake ndilo lile lile la mzimu, la kuzimu na la zimwi. Kusema kwamba mtu ana wazimu kulikuwa ni kusema kwamba wale waliotangulia, waliolala chini, wamemjia na wanadai kitu. Majinuni lilikuja na Kiarabu, nalo maana yake ya asili ni mtu aliyeingiwa na majini. Ndilo jina alilopewa yule mpenzi wa Laila katika kisa kinachojulikana toka Bara Arabu hadi Uajemi na Bara Hindi. Punguani, kwa upande wake, limetokana na kupungua. Hamnazo ni mtu ambaye ukizitafuta akili ndani yake huzikuti. Na tunaposema mtu amerukwa na akili, sarufi yenyewe inaonyesha kwamba si yeye aliyefanya kitendo: akili ndizo zilizoruka, zikamwacha amesimama.

Msomaji ataona kwamba hapa pana fikra mbili zinazopingana. Katika wazimu na majinuni, mtu ameongezewa kitu: amejiwa na mgeni. Katika punguani na hamnazo, mtu amepunguziwa. Tofauti hii si ya maneno matupu. Aliyejiwa na mgeni bado yupo, nyuma ya mgeni wake. Mgeni aweza kuulizwa ametoka wapi na anataka nini, akapewa chake, akaondoka, na mwenyeji akabaki yule yule aliyekuwapo. Aliyepunguziwa hana mgeni wa kuulizwa. Kilichobaki ni kumcheka au kumwonea huruma, na mara nyingi hivi viwili hufanana.

Wazee wa Pwani waliijua fikra ile ya kwanza vizuri. Katika miaka ya 1960 mtafiti kutoka Ufini, Marja-Liisa Swantz, alichunguza mila za Wazaramo katika Bunju. Bunju ya siku zile ilikuwa kijiji cha minazi na mihogo. Leo imo ndani ya Manispaa ya Kinondoni, na nyumba za matofali zimejaa. Miongoni mwa mila alizoziandika ni madogoli, ngoma ya kuwatibu walioshikwa na pepo. Katika ngoma za namna hii mgonjwa hasukumwi pembeni. Huitwa mwele, hukalishwa mahali pake, jamaa humzunguka, ngoma hupigwa kwa ajili yake. Pepo ndiye anayepanda, na mtu ni kiti chake. Kiti si kitu cha kudharauliwa, maana kisipokuwapo hakuna pa kukalia.

Sisemi kwamba ngoma iliponya kila mtu. Wapo waliofungwa kamba, wapo waliochapwa na kufukizwa moshi mpaka wakapoteza fahamu kwa jina la kutolewa pepo, na huo ni ukatili hata kama ulifanywa na watu wenye nia njema. Wala mgonjwa asicheleweshwe kufika hospitali. Ninalosema ni dogo: msamiati ule ulimwachia mgonjwa nafasi ya kurudi. Msamiati wetu wa kituo cha mabasi haumwachii.

Walimu wa Kiswahili watanielewa zaidi nikiwakumbusha jambo la ngeli. Neno kichaa lina kazi mbili. Kwanza ni jina la ugonjwa, na hapo hufuata ngeli ya KI-VI kama kawaida: kichaa chake kimepanda, kichaa kimemtoka. Wanyama nao huugua. Twasema kichaa cha mbwa. Kazi ya pili ni jina la mtu: kichaa amepita, vichaa wamelala sokoni. Umbo limebaki la KI-VI, upatanisho umekuwa wa viumbe. Jamii ya maneno hayo twaijua sote: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Ni ngeli tuliyozoea kuwatia watu ambao mwili umewapunguzia kitu, karibu na vitu vidogo na vyombo. Sidhani kwamba mtoto anayetamka kichaa ana nia ya kumfanya mtu awe chombo. Lakini lugha imekwisha kumfanyia kazi hiyo kabla hajafikiri. Tukisema fulani ana malaria, malaria hutoka na fulani hubaki. Tukisema fulani ni kichaa, kikitoka kichaa anabaki nani? Mwendawazimu, neno ambalo wengi huliona kali zaidi, kwa kweli lina adabu kuliko hilo. Limo katika ngeli ya watu, na ndani yake mtu bado anakwenda.

Neno jingine lililobadilika ni kupagawa. Leo hutumika kwa mashabiki wa muziki, na waandishi wa habari za burudani wameligeuza kuwa sifa: mwimbaji asiyepagawisha hajafanya kazi. Lakini lilikuwa neno zito. Masimulizi ya Vita vya Majimaji yanasema kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alichukuliwa na pepo wa maji, Hongo, akazama katika kidimbwi cha mto, kisha akatoka akiwa mzima na akaanza kunena. Watu walimwendea kwa maelfu. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro mwezi wa Agosti 1905, vita vilipokuwa vimeanza tu. Mtu akiyatazama mambo hayo kwa macho ya siku hizi aweza kusema lolote kuhusu akili za Kinjikitile. Ila waliomfuata hawakumwona kuwa amepungua. Walimwona amejiwa.

Wakoloni waliokuja baadaye waligundua kwamba neno la wazimu laweza kufanya kazi ya bunduki, tena bila kelele. Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa miongoni mwa Wabukusu chini ya Mlima Elgon, aliwataka Wazungu waondoke nchini. Mwaka 1945 hakufungwa gerezani tu kama mkaidi. Alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko mpaka 1947. Daktari aliyeongoza hospitali hiyo kwa miaka mingi, J. C. Carothers, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1953 na Shirika la Afya Duniani kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo aliwafananisha Waafrika na Wazungu waliokatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa andiko lake jingine kuhusu Mau Mau, likaeleza uasi ule kama msukosuko wa nafsi za watu waliopoteza mila zao. Mashamba waliyonyang'anywa Wakikuyu yakawa jambo dogo katika maelezo hayo. Hivi ndivyo neno linavyofanya kazi: mtu mwenye hoja akiisha kuitwa mgonjwa, hoja yake haihitaji kujibiwa.

Tusijidanganye kwamba desturi hiyo iliondoka na bendera ya mkoloni. Katika mikutano yetu, katika vikao vya harusi na hata katika vyumba vya walimu, mtu anapotoa neno lisilopendeza wapo watakaomwuliza mwenzao pembeni kama huyu ni mzima kweli. Ni njia fupi ya kumnyamazisha. Nimekwisha kuitumia mimi mwenyewe, na sina sifa ya kujipa kwa kukiri.

Lakini upo upande wa pili wa jambo hili, na ndio ulionisumbua zaidi nilipokuwa nikiliwaza. Twaweza kulitumia neno la wazimu si kwa kumnyang'anya mtu hoja tu, bali pia kwa kumwondolea mtu hatia. Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978 na kuua raia wetu, magazeti mengi ya nje yalikuwa yamekwisha kuzoea kumwita mwendawazimu, wengine wakimfanyia mzaha. Hapa nyumbani alikuwa na majina mengi, hayo ya wazimu yakiwamo, lakini jina lililoshika na kubaki katika vinywa vya askari na watoto wa shule hadi Kampala ilipotekwa Aprili 1979, na hata leo, ni nduli. Naona watu wetu walichagua vema, hata kama hawakukaa kikao kuchagua. Nduli ni neno la maadili. Linamtaja mtu kwa matendo yake ya kuua, na mwuaji huulizwa kwa nini ameua. Mwendawazimu haulizwi. Kumwita mtawala mkatili mwendawazimu ni kumpa udhuru ambao hakuustahili, na wakati huo huo ni kumbebesha mgonjwa wa Mbagala, ambaye hajaua hata kuku, damu ya watu wa Kyaka na Kampala.

Mwanafunzi aweza kuuliza: basi akiwapo mtu mkatili ambaye pia ni mgonjwa? Yupo, yamkini. Sheria yetu imeliona hilo. Kanuni ya Adhabu inasema kwamba kila mtu huchukuliwa kuwa ana akili timamu mpaka kinyume chake kithibitishwe, na kwamba yule ambaye ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe alilolitenda, au asijue kwamba hapaswi kulitenda, hana hatia kwa tendo hilo. Mambo haya huthibitishwa mbele ya mahakama, kwa ushahidi wa madaktari. Mwandishi wa habari hathibitishi hivyo. Yeye hutazama nguo.

Chukua habari fupi za kurasa za ndani, za mistari minne au mitano, ambazo msomaji wa magazeti yetu ameziona mara nyingi. Mtu mmoja asiyefahamika jina, anayesadikiwa kuwa kichaa, amegongwa na gari usiku. Au: mtu anayedhaniwa kuwa na matatizo ya akili amezua tafrani sokoni. Anayesadikiwa na nani? Anayedhaniwa kwa lipi? Marehemu mwingine yeyote angepewa umri, kabila la kazi yake, mtaa aliokaa, na jina la ndugu aliyethibitisha maiti. Huyu amepewa neno moja, na neno hilo limefunga mlango. Polisi hawaulizwi zaidi, dereva hatajwi, na msomaji hugeuza ukurasa. Afadhali yale magazeti ya udaku, yanayopenda kuandika jina kubwa na picha; hayo yana makosa yao, tena makubwa, ila angalau huenda mpaka nyumbani kwa mtu.

Mitaani nako neno hufanya kazi yake. Katika baadhi ya mitaa ya Temeke na Kinondoni utasikia ikinong'onwa kwamba yule anayeokota makopo si mgonjwa bali ni mpelelezi aliyejibadili. Kwingine atasemwa kuwa ni msukule aliyetoroka kwa mwenyewe. Watoto humfuata wakimwimbia. Anapogeuka na kuwatupia jiwe, hapo ndipo watu wazima huamka na kusema: mnaona, kichaa huyo ni hatari. Mawe yaliyotangulia hayakuhesabiwa.

Kisha yako majina ya mahali. Mirembe, katika Dodoma, imewapokea wagonjwa wa akili wa nchi hii tangu miaka ya 1920. Kabla yake Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamefungua nyumba ya wagonjwa hao Lutindi, katika milima ya Usambara. Kwa Waganda neno mirembe maana yake ni amani. Kwa watoto wetu ni tusi, kama ilivyo Mathari kwa watoto wa Nairobi, Butabika kwa wale wa Kampala, na Kidongo Chekundu huko Unguja. Nisemalo hapa lina gharama ya kweli. Dada aliyelazwa kwa kifua kikuu akatibiwa akapona, hurudi nyumbani na kupokewa. Aliyerudi kutoka Mirembe hurudi na jina. Ndugu zake wanalijua hilo tangu mwanzo. Kwa hiyo miezi ya kwanza ya ugonjwa, ambayo ndiyo miezi ya thamani kwa tabibu, hupita mgonjwa akiwa amefungiwa chumba cha uani, na majirani wakiambiwa kwamba amesafiri kwenda kijijini. Kliniki ziko karibu. Hospitali za Temeke na Mwananyamala hupokea wagonjwa wa akili, Muhimbili ina idara yake, na Vikuruti, pembeni mwa jiji, ni mahali ambapo wagonjwa waliopata nafuu hujizoeza kazi za mikono na za shamba. Kinachowazuia watu wengi si nauli ya kufika huko. Ni hofu ya neno.

Wapo wenye kusema kwamba dawa ni kubadili maneno. Siku hizi katika semina husikika kwamba fulani ana changamoto ya afya ya akili. Nakiri kwamba sentensi hiyo hunichosha. Aliyeumwa malaria hatumwambii kwamba ana changamoto ya damu. Neno changamoto lilikuwa na uhai wake, neno la kumwamsha mtu. Sasa limewekwa kila penye shida kama kawa juu ya chungu, na aliye na njaa hajui ndani mna nini. Isitoshe, neno laini hukaa laini kwa muda tu. Taahira lilikuwa neno la heshima la madaktari na walimu. Likaingia uwanjani, likawa tusi. Mtindio wa ubongo, ambao ni jina la kitaalamu la hali inayowapata watoto, nao umekwisha kurushwa kati ya wabishani wa mpira. Tukiendelea kuhamisha majina bila kubadili namna tunavyowatazama watu, tutahama kila miaka kumi na uchafu tutauhamisha pamoja nasi.

Katiba ya 1977, inapozungumzia ni nani anaweza kuwekewa mpaka katika haki ya kupiga kura, husema kuwa na ugonjwa wa akili. Sheria ya mwaka 2008 inaitwa ya afya ya akili. Ugonjwa wa akili, mgonjwa wa akili: maneno haya hayana mapambo, na naona yanatosha. Mgonjwa ni neno ambalo kila mmoja wetu amewahi kulivaa. Na wazimu libaki. Libaki katika mashairi ya mapenzi, katika hadithi, katika tamthilia. Ebrahim Hussein alipoiita tamthilia yake ya mwaka 1971 Mashetani, hakuwa akimtukana mgonjwa yeyote, alikuwa akiuliza ni nani anayempanda nani katika nchi iliyotoka kutawaliwa. Neno lenye historia namna hiyo halifutwi kwa waraka.

Mwaka fulani niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu, katika shule moja ya Temeke, kazi ya kuandika upya habari niliyoitunga kwa mfano wa zile za magazetini: mtu asiyefahamika, anayesadikiwa kuwa kichaa, amekutwa amekufa kando ya barabara ya Kilwa, Mbagala. Sharti lilikuwa moja, neno kichaa lisitumike. Walidhani ni kazi ya dakika tano. Baada ya kulifuta neno lile walikuta hawana habari. Kilichobaki ni maiti na barabara. Wengine walikasirika, wakasema mwalimu ametuonea, habari haina kitu. Ndipo wakaanza kuuliza. Alikuwa na umri gani? Alikuwa akilala wapi? Nani alimpa chakula? Niliwaambia kwamba sijui, habari ni ya kubuni, lakini kila mmoja anaweza kumfikiria mtu wa mtaani kwake.

Msichana mmoja aliyekaa mstari wa nyuma, ambaye hakuwa na desturi ya kusema sana, aliandika ukurasa mzima. Aliandika kwamba marehemu alikuwa fundi cherehani Tandika, kwamba alijua kupima suruali kwa jicho bila futi, kwamba alianza kuugua mwaka aliozaliwa mtoto wake wa pili, na kwamba kila Ijumaa mama lishe mmoja alikuwa akimwekea ubwabwa katika bakuli la plastiki la rangi ya kijani. Nilipomrudishia daftari nilimwuliza kwa sauti ndogo kama mambo haya ameyatunga. Alinitazama, akasema, "Bakuli tu, mwalimu. Bakuli ndilo nililotunga."